KOMPYUTA IKIGOMA DUKANI

Kila mmoja awe na daftari na kalamu yake. Leo tutaeleza habari za kompyuta mpakato, ile ndogo inayokunjwa kama kitabu, ambayo wenye maduka wengi siku hizi huitumia kuandikia hesabu zao.

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kompyuta ya dukani ni daftari. Ndani yake mna bei za bidhaa, mauzo ya kila siku, na majina ya watu wanaodaiwa. Ikigoma, hasara kubwa siyo fedha za kununua nyingine. Hasara kubwa ni kupotea kwa maandishi hayo. Mtu aliyekopa mifuko 10 ya simenti husahau upesi sana akijua kwamba mwenye duka hana pa kumwonyesha deni lake.

Kompyuta ina sehemu mbili. Ya kwanza ni vifaa vinavyoshikika kwa mkono, kama kioo, vitufe, betri, feni na diski. Ya pili ni programu, yaani maagizo yanayoviongoza vifaa hivyo. Fikirini cherehani. Chuma na sindano ni vifaa. Ujuzi wa mshonaji ni kama programu. Nguo ikiharibika, mtu huuliza: Je, sindano imevunjika, au mshonaji amekosea? Nasi tutauliza vivyo hivyo.

Kwanza, kompyuta haiwaki kabisa. Usiikimbize kwa fundi bado. Chomeka chaja ya simu katika soketi ile ile. Simu isipopata moto, kosa ni la soketi wala siyo la kompyuta. Simu ikipata moto, tazama waya wa chaja ya kompyuta kama umekatika au umelegea. Kisha chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia, ukishikilie huku ukihesabu polepole mpaka 30. Rudisha chaja, uwashe. Wakati mwingine umeme uliobaki ndani ndio uliokuwa ukiizuia, na kwa njia hiyo huondoka.

Pili, inawaka lakini kioo ni cheusi. Funga madirisha, umulike kioo kwa tochi. Ukiona picha hafifu, jua kwamba taa ya nyuma ya kioo imekufa, lakini kompyuta yenyewe ni nzima. Au iunganishe na televisheni kwa waya wake. Picha ikitokea katika televisheni, kosa limo katika kioo au waya wake, na maandishi yako yamo salama.

Tatu, inapata joto na kujizima. Kompyuta hujizima hivyo ili isiungue. Sababu iliyo ya kawaida ni vumbi lililoziba feni, au kuiweka juu ya mto na kitanda, mahali isipopata hewa. Iweke mezani. Izime kabla ya kuondoa vumbi.

Nne, inakwenda polepole. Hapa yamkini kosa ni la programu. Iwashe upya kwa kuchagua neno Restart. Katika kompyuta nyingi za Windows, kuizima kwa kawaida huacha baadhi ya mambo yamehifadhiwa kama yalivyokuwa, lakini Restart huanza upya kabisa. Kisha funga programu usizozitumia, na utazame kama diski imejaa. Ikiwa bado, huenda kirusi kimeingia kwa njia ya flashi iliyopita kwa watu wengi.

Tano, tarehe hurudi nyuma kila kompyuta inapokosa umeme. Ndani yake mna betri ndogo, kwa kawaida ya duara kama sarafu, inayotunza saa. Ikiisha, risiti zako zitatoka na tarehe za uongo, na kurasa nyingi za intaneti zitakataa kufunguka. Betri hiyo ni kitu kidogo, wala si sababu ya kununua kompyuta mpya.

Katika kazi hii yote, badili jambo moja tu kwa mara moja, uandike ulilofanya na lililotokea. Ukibadili mambo matatu pamoja, hutajua lipi lililoponya.

Sasa sikilizeni sana, maana yako mambo matatu yasiyongoja. Ukisikia diski ikilia tak-tak-tak, nakili maandishi yako mara moja, maana diski hiyo i karibu kufa. Chai au maji yakimwagika juu ya vitufe, izime hapo hapo, chomoa chaja, uifudikize ili maji yatoke. Usijaribu kuiwasha ili uone kama imepona. Na betri ikivimba mpaka kuinua vitufe, acha kuitumia. Usiichome wala kuitoboa, kwani yaweza kushika moto. Mpelekee fundi.

Na ukifika kwa fundi, umwambie neno hili kabla hajaigusa: "Bwana fundi, usipige windo kabla ya kunakili mafaili yangu." Kupiga windo ni kuweka upya programu kuu ya kompyuta. Ni dawa nzuri kwa magonjwa mengi, lakini mara nyingi hufuta yote yaliyokuwamo. Kompyuta hurudi nyepesi kama mpya, na hesabu za mwaka mzima hazimo. Fundi hana lawama ikiwa hakuambiwa.

Lililo bora ni kutongoja siku hiyo. Kila jioni, ukifunga duka, nakili hesabu katika flashi au diski ya nje, uiweke nyumbani, mbali na kompyuta. Mwizi akichukua kompyuta pamoja na mfuko wake, asichukue na nakala. Mara moja kwa mwezi, fungua nakala hiyo uisome, maana nakala isiyofunguka si nakala.

MASWALI. Jibuni katika madaftari yenu, kisha mzungumze pamoja na mwalimu wenu.
1. Utajuaje kama kosa ni la soketi au la kompyuta?
2. Tochi hutuonyesha nini juu ya kioo cheusi?
3. Kwa nini tubadili jambo moja tu kwa mara moja?
4. Andika sentensi utakayomwambia fundi kabla hajaanza kazi.
5. Nakala ya hesabu zako iko wapi leo?

Asiye na jibu la swali la tano asilale kabla ya kulipata. Kwaherini.