Rajamu ya Msimbazi Ikivuka Bahari

Katika vichochoro vya Kariakoo vinavyotokea Mtaa wa Msimbazi kuna duka dogo la mama mmoja mwuza udi. Hatutalitaja jina lake wala jina la udi wake, maana shauri lake halijakwisha. Tulikwenda kwake kununua udi wa harusi, tukaketishwa, tukaletewa kahawa, na tulipoondoka ilikuwa karibu na Magharibi, nasi tumesikia habari ambayo twaona yafaa kila nyumba yenye biashara iijue.

Mama huyu alianza kwa sufuria moja nyumbani kwake, vijiti vya udi, sukari na manukato, akiwauzia majirani. Udi wake ukapendwa. Akautia katika vikopo, akaubuni jina, akapiga chapa karatasi za kubandika. Wageni kutoka Ngazija, ambao huja Kariakoo kununua bidhaa za kila namna, wakawa wanauchukua kwa makatoni. Mmoja wao akawa ndiye wakala wake kule Moroni, na kwa miaka kadha mambo yalikwenda vizuri. Kisha wakala akapunguza kununua, halafu akanyamaza kabisa. Mkwewe mama akapata mteja mwingine Moroni, akampelekea makatoni kumi. Jawabu iliyorudi ilikuwa hii: bidhaa haziwezi kuuzwa, kwa kuwa jina lile lina mwenyewe, nalo limekwisha andikishwa. Na huyo mwenyewe alikuwa ni wakala wa jana.

Mama alinyanyua mkono akatuonyesha karatasi iliyotiwa katika fremu ukutani, juu ya rafu za vikopo. "Wanangu, na hii je? Si ndiyo haki yangu?"

Tuliisoma. Ilikuwa cheti cha jina la biashara.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, wala si aibu, kwani karatasi za biashara ni nyingi na zote zina mihuri. Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara. Cheti cha jina la biashara chaeleza duka hili ni la nani. Lakini rajamu, yaani alama ya biashara inayobandikwa juu ya kopo, chupa au nguo ili mnunuzi atambue kazi ya fulani na kazi ya mwingine, ina daftari lake peke yake. Kwa Tanzania Bara daftari hilo liko kwa BRELA, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Mwombaji hueleza alama yake na aina ya bidhaa, maana bidhaa na huduma zote za ulimwengu zimegawanywa katika makundi 45, na anayeandikisha jina kwa udi hakuliandikisha kwa viatu. Alama ikikubaliwa hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ikiandikishwa hudumu miaka 7, kisha huweza kuhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Mama wa udi hakuwa na cheti hicho.

Lakini tuseme angekuwa nacho. Je, kingemfaa Moroni? Kwa peke yake, hakingetosha. Haki ya rajamu hukoma mpakani mwa nchi iliyoitoa. Wala mpaka huo si wa mbali kama tudhanivyo. Mtu wa Msimbazi apandaye boti asubuhi kwenda Unguja, kabla hajamaliza kusoma gazeti lake amekwisha toka katika daftari la BRELA, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya mali ya viwanda ya mwaka 2008 na wakala wake wa usajili. Tumekutana na wafanya biashara wa miaka mingi wasioijua habari hii.

Basi na tuwatazame wateja wa Kariakoo. Wako wa Ngazija. Comoro iliingia mwaka 2013 katika jumuiya iitwayo OAPI, yenye makao yake Yaoundé, Kamerun. Jumuiya hii ina nchi 17, nyingi zao za lugha ya Kifaransa, na ombi moja likikubaliwa huenea katika nchi zote 17. Hili ni jambo la faida kwa mwenye mali aliyewahi, na ni msiba kwa aliyechelewa, maana yule wakala wa Moroni hakulichukua jina la udi katika visiwa vitatu tu. Alilichukua mpaka Senegal na Niger, ambako labda hana hata nia ya kwenda. Wako wateja wa Kongo, kutoka Lubumbashi na Goma. Kongo yao haimo katika OAPI (iliyomo ni ile ya Brazzaville), hivyo ombi hupelekwa Kinshasa. Wako wa Malawi na Zambia, nao wana madaftari yao.

Yuko njia nyingine, ya Mapatano ya Madrid na Itifaki yake ya mwaka 1989, ambayo kwa ombi moja lenye kutaja nchi nyingi mtu huepushwa na kubisha hodi mlango kwa mlango. Kenya iliingia mwaka 1998. Lakini njia hii ni kwa raia wa nchi mwanachama, au mwenye makazi au duka la kweli ndani yake. Asiyekuwa na sifa hiyo hupeleka maombi nchi kwa nchi, kwa mkono wa wakala wa sheria wa kila nchi, na gharama yake si ndogo. Ndiyo maana hatumshauri mwuza udi aandikishe dunia nzima. Aandikishe kwanza kwao, kisha pale anapouza, na pale anapotengenezesha.

Hilo la mwisho latuhusu sana siku hizi. Vijana wa Msimbazi huagiza bidhaa Guangzhou na Yiwu, wakapeleka jina lao lipigwe chapa kiwandani, wakisema: mimi siuzi Uchina, naandikisha kwa nini? China humtazama kwanza aliyetangulia kuomba, na forodha yake hukagua mali zitokazo kama zinavyokaguliwa ziingiazo. Mwaka 2019 Mahakama ya juu ya nchi hiyo ilihukumu shauri la vipuri vya pikipiki vilivyopigwa chapa HONDAKIT. Vilitengenezwa China, vikawa vinapelekwa Myanmar, na aliyeviagiza alikuwa ameandikisha jina hilo kwao Myanmar. Mahakama ikasema hata hivyo imeingiliwa haki ya Honda ndani ya China. Basi kijana ambaye jina lake limewahiwa na mtu mwingine kule aweza kuzuiliwa kontena lake bandarini kabla halijaiona bahari.

Pwani yetu si ngeni katika mambo haya. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa, na kanga zake zikajulikana kwa maandishi "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Bibi zetu wengine hawakujua kusoma, lakini walijua mahali pa kutazama katika pindo ili wasiuziwe kanga ya kuiga. Maneno yale matatu, mali ya Abdulla, ni maana yote ya rajamu kwa Kiswahili safi, na twaona hakuna mwanasheria aliyeieleza kwa ufupi kuliko hivyo.

Yako pia yaliyotokea karibuni. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikisha huko neno "kikoy" liwe alama yake. Habari ilipofika Kenya wauzaji wa vikoi walishtuka, kwani kama neno lenyewe lingekuwa mali ya mmoja, wangeliuza vikoi Uingereza kwa jina gani? Wakasaidiwa na shirika la Traidcraft kuweka pingamizi, na ombi lile halikufika popote. Waliokoka kwa sababu walijua mapema. Kwa upande wa pili, kampuni ya Disney iliomba Marekani mwaka 1994 maneno "Hakuna Matata" kwa ajili ya nguo, ikaandikishiwa mwaka 2003, na kelele za watu zikaja mwaka 2018, miaka 15 baadaye. Tuseme haki: uandikishaji ule haukumkataza mtu yeyote kuyatamka maneno hayo, hata ndani ya Marekani, ulihusu kuyatumia kama chapa ya nguo kule. Lakini mshona fulana wa Kariakoo anayetamani soko la New York ayajue hayo kabla hajanunua rangi.

Wako watakaotuuliza kama jina tu ni mali kweli katika dini yetu, kwa kuwa halishikiki wala halipimiki. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 lilitoa azimio ya kuwa jina la biashara na alama ya biashara ni haki za mwenyewe zenye thamani ya mali, zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Kwa hiyo yule wa Moroni, hata akiwa na cheti mkononi, ana jambo la kujibu kwingine.

Na huku duniani je? Mlango haukufungwa. Mapatano ya Paris ya mwaka 1883, ambayo Tanzania imo tangu 1963, yana kifungu hasa juu ya wakala anayejiandikishia alama ya bwana wake bila idhini: mwenyewe aweza kupinga, au kutaka ifutwe, au ahamishiwe yeye. Comoro nayo imo. Lakini swali la kwanza atakaloulizwa mama ni hili: ulikuwa mwenyewe wapi, na tangu lini? Mapatano hayo hayo humpa aliyeomba kwao muda wa miezi 6 wa kuomba nchi nyingine akahesabiwa kama aliyeomba siku ile ile ya kwanza. Muda huo haumsaidii tena juu ya wakala yule aliyekwisha mtangulia, ila utamsaidia kwa Kinshasa.

Tulimweleza hayo kwa kadiri ya ujuzi wetu, tukamwambia atafute mwanasheria wa kazi hii hasa. Akamwita binti yake aliye chuoni, akamwambia alete mfuko wa plastiki ulio chini ya meza. Ulikuwa umejaa stakabadhi za mpiga chapa, hati za mizigo ya jahazi na meli, na kitabu cha madeni chenye jina la wakala na saini yake, ukurasa baada ya ukurasa, "nimepokea udi wa mama". Binti akaanza kuzipanga kwa tarehe. Ya zamani kuliko zote ilikuwa ya mwaka 2009.