Sikio la Mtoto Aliyevuka Bahari

Kuna neno moja ambalo mahakama zetu na magazeti yetu hulitumia bila ya kulitazama usoni: kuasili. Mtu akimchukua mtoto wa mwengine na kumfanya wake kwa hati ya sheria, husemwa amemwasili. Mimi ni mtu wa maneno, na neno hili hunikereketa. Ndani yake mna asili, lakini je, ni asili ya nani? Ya yule achukuaye au ya yule achukuliwaye? Na mtoto huyo akiwa ametolewa nchi ya mbali, akapandishwa ndege, akateremshwa kwa watu ambao hajapata kusikia hata salamu yao, swali hili si la washairi peke yao tena.

Natuitazame Korea ya Kusini, kwani huko ndiko mambo haya yalikopata utaratibu wake. Vita vya huko vilikoma mwaka 1953. Mwaka 1955 mkulima mmoja wa Creswell, katika jimbo la Oregon huko Marekani, jina lake Harry Holt, pamoja na mkewe Bertha, waliwachukua watoto wanane wa Kikorea kwa mpigo, nao tayari walikuwa na sita wa kuwazaa. Sheria ya wakati huo iliruhusu wawili tu, ikabidi Bunge la nchi hiyo lipitishe sheria makhsusi kwa ajili yao. Tangu hapo njia ikafunguka. Watoto wapatao 200,000 wametoka Korea kwenda Marekani, Ulaya na Australia. Katika mwaka 1985 pekee walizidi 8,000.

Msomaji, hebu mfuate mmoja wao. Wengi hawakufuatwa na wazazi wao wapya. Walisafirishwa kwa makundi pamoja na wasindikizaji, wakakabidhiwa kwenye uwanja wa ndege kwa watu waliokuwa wakilia kwa furaha. Mtoto wa miaka mitatu, aliyezoea kulala sakafuni juu ya godoro jembamba, ubavuni mwa mama aliyekuwa akimlea kwa muda, usiku ule alilazwa juu ya kitanda, katika chumba chake peke yake, taa ikazimwa. Kwao alikuwa akibebwa mgongoni kwa kitambaa kiitwacho podaegi. Mama wa Lamu angekiona asingeuliza ni cha nini. Angesema ni mbeleko. Huku alitiwa kwenye kigari na kusukumwa mbele, asisikie joto la mgongo wa mtu. Akitaka maji, neno alijualo ni mul, na nyumba nzima hapana alielewaye. Wenyeji wake si watu wabaya, la. Wamepaka chumba rangi, wamenunua vitu vya kuchezea, wamemwandalia na jina jipya. Lakini usiku ule mtoto analia kwa Kikorea, nao wanambembeleza kwa Kiingereza.

Nilipoyaeleza haya barazani, Mombasa, mzee mmoja alinikatiza. "Mwanangu," akasema, "mtoto mdogo hana moyo wa kuweka. Baada ya mwaka hakumbuki kitu."

"Mzee wangu," nikamjibu, "hata wataalamu walidhani hivyo."

Na kwa hakika walikuwa na sababu. Mwaka 2003 wataalamu wa Ufaransa waliwapima watu wazima wanane waliotolewa Korea wakiwa na umri wa kati ya miaka mitatu na minane. Waliwasikizisha Kikorea huku mashine ikiutazama ubongo wao. Haikuonekana tofauti yoyote baina ya Kikorea na lugha nyengine wasizozijua. Hapo maneno ya mzee yalisimama. Lakini mwaka 2014, huko Montreal, Kanada, wakapimwa wasichana waliotolewa China wakiwa wachanga, wakakuzwa kwa Kifaransa tu, wasiojua neno la Kichina. Waliposikizwa miinuko na mishuko ya sauti za Kichina, ubongo wao ulifanya kazi kama wa wale waliokisema Kichina tangu kuzaliwa, si kama wa wenzao wa Kifaransa. Kisha mwaka 2017 ikaja habari ya watu 29 wa asili ya Korea waliokulia Uholanzi. Walifundishwa matamshi ya Kikorea pamoja na Waholanzi, wakawapita. Hata walioondoka Korea kabla ya kutimiza miezi sita hawakubaki nyuma.

Mimi sikushangaa sana. Sisi tuliokaa chuoni, ubao mapajani, tulihifadhi juzuu kwa Kiarabu kabla hatujajua maana ya neno moja. Hadi leo nikimsikia mtu akivuta herufi pasipopasa kuvutwa, sikio hushtuka kabla akili haijaamka.

Huko chuoni ndiko nilikosikia pia kisa cha Zaid bin Haritha, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.) hata watu wakamwita Zaid bin Muhammad, mpaka iliposhuka amri katika Surat Ahzab kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Wako waionao hukumu hii kuwa kavu. Mimi naiona kuwa ni amana: lea, lisha, penda, lakini jina usimpokonye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, unaitaja kafala kwa jina lake katika kifungu cha 20, na hapo hapo unataka iangaliwe dini, utamaduni na lugha ya mtoto. Kwetu Kenya, serikali ilisimamisha wageni kuasili watoto wa humu mwaka 2014, kwa hofu ya biashara ya watoto. Nayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikaipa kafala nafasi yake.

Sisemi milango yote ifungwe. Mtoto asiye na wa kumwita mama, nyumba ya mbali yaweza kumfaa kuliko kitanda cha safu katika makao. Nitakalo mimi ni dogo. Jina lake la kwanza libakishwe, hata likiwekwa la pili. Mama mpya ajifunze maneno ishirini kabla ndege haijatua: maji, njaa, choo, naumwa, usiogope. Na karatasi ziseme kweli.

Hilo la karatasi ndilo linaloumiza. Watu 367 waliotolewa Korea wakiwa watoto walipeleka malalamiko kwa tume ya ukweli ya nchi hiyo, na Machi 2025 tume ikathibitisha 56 ya mwanzo kuwa haki zao zilivunjwa. Wako walioandikwa mayatima hali wazazi wao wahai, na wako waliosafirishwa kwa jina la mtoto mwengine. Mtu kama huyo, leo ana mvi, hufungua jalada lake akakuta jina, tarehe na mji, asijue kama ni vyake.