Goti Lililopasuliwa na Maji ya Ziwa

Katika mwambao wa Kigoma na Ujiji kuogelea si mchezo tu. Kijana wa Katonga au Kibirizi huruka kutoka mtumbwini, husukuma chombo akiwa na maji kifuani, na huoga ziwani jioni. Aumiapo goti na kupasuliwa, hana budi kujua ni lini atarudi majini. Jibu la sayansi lina pande mbili: kutembea majini huja mapema kuliko wengi wanavyodhani, lakini kupiga mateke ya chura huja baadaye sana.

Goti ni bawabu lililowekwa kati ya mifupa miwili mirefu, mfupa wa paja na ule wa muundi. Ndani yake mna visahani viwili vya gegedu, vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyopunguza mshindo wa kila hatua. Katikati mna kano mbili zilizopishana mfano wa herufi X, nazo huizuia mifupa isiteleze mbele na nyuma. Mchezaji anayegeuka ghafla hali wayo umeganda chini aweza kukata kano, kupasua kisahani, au yote mawili. Zamani goti lilifunuliwa kwa kisu kirefu. Mwaka 1962 Masaki Watanabe wa Tokyo alikata kipande cha kisahani kilichopasuka akitazama kwa darubini nyembamba iliyopitishwa katika tundu dogo, na njia hiyo sasa hutumika hata katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli. Mgonjwa hurudi nyumbani na magongo yake, na mazoezi ya miezi mingi humwangukia yeye mwenyewe.

Hapo ndipo ziwa linapofaa. Kwa kanuni ya Archimedes, mwili uliozama husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji uliyoyahamisha. Vipimo vilivyochapishwa Uingereza mwaka 1992 vilionyesha kwamba mtu aliyesimama katika maji ya kiunoni hukanyaga chini kwa karibu nusu ya uzito wake. Maji yakifika kifuani, kwa karibu theluthi. Yakifika shingoni, kwa karibu sehemu moja ya kumi. Mwanafunzi mwenye kilo 60 huyalemea magoti yake, akiwa na maji ya shingoni, kana kwamba ana kilo 6 tu. Hesabu hii ni ya mtu aliyetulia. Akienda kwa kasi mzigo huongezeka. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hilo darasani kwa mizani ya kamba, jiwe na ndoo ya maji. (Anayetoka pwani atajiona anazama kidogo zaidi Kigoma, kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 1,025, na ya ziwa hili karibu 1,000.)

Maji pia hubana. Katika kina cha meta moja kanieneo yake huzidi ile ya hewa kwa kiasi cha kuinua zebaki milimeta 74 hivi, na mbano huo husaidia kurudisha majimaji ya uvimbe katika mishipa. Tena maji hupinga mwendo: kasi ikizidishwa mara mbili, ukinzani huongezeka kama mara nne. Hivyo misuli ya paja, ambayo hunywea upesi baada ya upasuaji, hupata mzigo unaolingana na nguvu zake.

Hata hivyo kidonda hakina budi kufunga kwanza. Nyuzi hutolewa kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14, lakini kutolewa nyuzi si ruhusa ya kuingia ziwani. Gaga lote lazima lianguke, pasiwe na unyevu, na daktari akubali. Mara nyingi hupita majuma kadhaa zaidi. Viini vikipenya ndani ya goti vyaweza kuiharibu gegedu kwa siku chache. Tena kuna kichocho, ambacho hakihitaji kidonda: vimelea vitokavyo kwa konokono hupenya ngozi nzima kwa dakika chache. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani, hivyo ufuko wa mawe upigwao na mawimbi una hatari ndogo kuliko ghuba tulivu, ijapokuwa ghuba ndiyo humvutia mwenye magongo. Na shavu la mguu likivimba na kuuma, hasa baada ya safari ndefu, pengine damu imeganda mshipani. Huyo aende hospitali, si ziwani.

Kano mpya ina siri yake. Mpasuaji huitengeneza kwa ukanda uliotwaliwa katika mwili wa mgonjwa mwenyewe. Katika miezi ya mwanzo ukanda huo hulegea kabla ya kuimarika, wakati mwili unapoujengea mishipa mipya ya damu. Kwa bahati mbaya, ndio wakati maumivu yanapokwisha na kijana kujiona amepona. Teke la chura, ambalo huupinda muundi kwa nje na kuusokota, laweza kuinyoosha kano changa pasipo maumivu makubwa. Kwa hiyo aanze kwa kutembea, kisha aogelee kwa mikono huku miguu ikielea, halafu apige miguu juu na chini kutoka nyongani, goti likiwa limenyooka kwa kiasi. Teke la chura lisubiri idhini ya mtaalamu. Michezo ya kugeuka ghafla kwa kawaida hungoja si chini ya miezi tisa.

Ziwa lenyewe halisubiri mgonjwa. Limo katika Bonde la Ufa, na mahali pengi sakafu yake hushuka ghafla hatua chache kutoka ufukoni. Kati ya Mei na Septemba pepo za kusi huleta mawimbi yawezayo kumwangusha mwenye mguu dhaifu. Maji yalipopanda mwaka 2020 na 2021 yalimeza sehemu za fukwe, hivyo aliyeijua njia yake hapo awali aipime upya kwa fimbo, asubuhi kukiwa shwari, akiwa na mwenzake ajuaye kuogelea. Kuruka kutoka mtumbwini kuje mwisho kabisa, kwa maana mguu ukigonga mwamba usioonekana, maji ya kiunoni hayatatosha kulikinga goti.