Kufuli kuukuu lageuka bangili, lakini chunga risasi

BANGILI ya shaba inayopendwa na wateja wa mitindo huko Ulaya huenda ilikuwa bomba bovu la maji mtaani Kibera, Nairobi. Mafundi wa huko huyeyusha kufuli, mabomba na vitasa vilivyochakaa na kumimina katika kalibu za mchanga. Mifupa na pembe za ng'ombe kutoka vichinjioni huchemshwa kuondoa mafuta, hukatwa na kusuguliwa hadi kuwa hereni na shanga.

Soko lipo. Mwaka 2009 Kituo cha Biashara cha Kimataifa (ITC) kilianzisha mpango uliowaunganisha mafundi wa Nairobi na wabunifu wakubwa, akiwamo Vivienne Westwood wa Uingereza. Mnunuzi wa aina hiyo hulipia pia habari kwamba malighafi imetoka kwenye chakavu.

Hata hivyo, chakavu si cha bure. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, hivyo bei yake huvutwa na soko la metali la London, ambako tani moja ya shaba nyekundu ilipita dola 10,000 mwaka 2024. Aidha, Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kutokana na hujuma za miundombinu ya umeme, ikaifungulia Mei. Kwa fundi anayenunua kilo mbili mbili, hiyo ni miezi ya njaa. Sheria ya mwaka 2015 inamtaka muuza chakavu awe na leseni, dai risiti.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Mabomba ya zamani mara nyingi huwa na risasi, hata asilimia 2 au 3, iliyotiwa ili shaba ichongeke kwa urahisi. Tangu 2013 Umoja wa Ulaya hauruhusu mapambo yenye risasi inayofikia asilimia 0.05. Fundi akichanganya kila kitu tanurini, mzigo mzima unaweza kukataliwa. Mabaki ya waya na bati la shaba kwa kawaida huwa na nafuu, lakini sampuli ipimwe maabara kabla ya kupokea oda.

Kwa hesabu ya haraka, kilo moja hutoa bangili 25 za gramu 40, kabla ya kutoa upotevu: zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na sehemu yake hupotea kama moshi mweupe (usiofaa kwa mapafu).

Mfupa na pembe havina bei London. Mwenye mtaji mdogo afadhali aanzie huko, na shaba ainunue pale tu malipo ya awali ya oda yanapokuwa mkononi.