Vaa Kwanza, Kisha Uokoe: Kuhudumia Njia ya Hewa ya Mgonjwa Mwenye Maambukizi

Tuchukue mfano wa usiku mmoja katika hospitali ya wilaya mkoani Singida. Mchimbaji mdogo wa dhahabu kutoka Sekenke, aliyekohoa kwa wiki kadhaa, analetwa akihema kwa shida. Oksijeni ya barakoa haimtoshi tena. Sharti awekewe mpira wa kupumulia. Ndugu zake wamejaa mlangoni. Je, mtaalamu wa usingizi amkimbilie mara moja, au avae kwanza vifaa kinga huku mgonjwa akitweta?

Avae kwanza. Uamuzi huo waweza kuonekana wa kikatili, lakini una sababu.

Kwa nini tendo hili ni hatari

Vumbi la mawe migodini huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Hivyo mgonjwa huyu ahesabiwe kuwa anaambukiza hadi vipimo vikanushe. Anayeweka mpira huinamia kinywa cha mgonjwa. Kikohozi, kufyonza makohozi na kusukuma hewa kwa mfuko hutawanya chembechembe ndogo zinazoelea hewani. Katika mlipuko wa SARS wa mwaka 2003, takriban mmoja kati ya kila wagonjwa watano duniani alikuwa mhudumu wa afya, na kazi ya kuweka mpira ilihusishwa na ongezeko kubwa la maambukizi. UVIKO-19 ilitukumbusha somo hilo.

Katika hospitali ya wilaya, wenye ujuzi huu ni wachache. Mmoja akiugua, mama atakayehitaji upasuaji kesho huenda akakosa wa kumhudumia.

Kabla ya kuanza

Oksijeni iendelee wakati timu inavaa gauni, glovu, kinga ya macho na barakoa ya N95. Barakoa ya kawaida ya upasuaji haitoshi. Kila mmoja akague kama hewa inavuja pembeni mwa barakoa yake. Vifaa na dawa vipangwe mapema katika sanduku moja, ili kuvaa kusichukue muda mrefu. Wanaoingia wawe watatu tu: mwenye uzoefu mkubwa zaidi, msaidizi wake na mtoa dawa. Mwingine asubiri nje akiwa tayari amevaa.

Upepo wa Singida ni msaada usiogharimu kitu. Madirisha ya pande zinazokabiliana yafunguliwe na mlango wa kuelekea wodini ufungwe. Hata hivyo, hakikisheni hewa haitokei kwenye benchi la wanaosubiri.

Wakati wa kuweka mpira

Mgonjwa apewe oksijeni kwa dakika tatu hadi tano, barakoa ikibanwa vizuri kwa mikono miwili. Kisha apewe dawa ya usingizi na dozi kamili ya dawa ya kulegeza misuli, ili asikohoe. Epukeni kusukuma hewa kwa mfuko. Oksijeni mwilini ikishuka, mmoja abane barakoa na mwingine asukume taratibu, chujio la virusi likiwa katikati. Puto la mpira lijazwe kabla ya pumzi ya kwanza. Mahali ulipo mpira pathibitishwe kwa kipimo cha kabonidayoksaidi. Ikilazimu kuuachanisha na mashine, mpira ubanwe kwanza kwa koleo.

Baada ya kazi

Wengi hujiambukiza wakati wa kuvua. Glovu na gauni hutangulia, mikono husafishwa, na N95 huvuliwa mwisho, nje ya chumba. Chumba ambacho hewa yake hubadilika mara 12 kwa saa huhitaji takriban dakika 23 kuondoa asilimia 99 ya chembechembe. Ikibadilika mara 6, dakika 46. Asiyevaa kinga asiingie kabla ya muda huo.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Mkiombwa kusubiri nje, hamjafukuzwa. Kucheleweshwa kwa dakika chache kunamwezesha mtaalamu kufanya kazi kwa utulivu bila kuihofia pumzi ya mgonjwa wenu. Nasi wahudumu tuna wajibu wa kuwaeleza hayo kabla ya kufunga mlango.

Lililo bora zaidi ni kutofika hapo. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi awahi kituo cha afya. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya umma nchini hutolewa bila malipo.