Nani huchagua programu za awali katika simu ya Linux?

KATIKA kesi iliyosikilizwa mjini Washington mwaka 2023, ilielezwa mahakamani kuwa mwaka 2021 pekee kampuni ya Google ililipa dola za Marekani bilioni 26.3 kwa makampuni mengine, ili huduma yake ya kutafuta habari iwe ndiyo ya kwanza kukutwa na mtumiaji katika simu na vivinjari vyao. Mtumiaji aliachwa huru kubadili wakati wowote. Kilichonunuliwa kwa fedha zote hizo ni ule uvivu wetu wa kawaida: walio wengi hatubadili kitu tulichokikuta. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kuwa kampuni hiyo ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, na mikataba hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya hoja zake.

Upo upande mwingine wa biashara ya simu ambako hakuna anayelipa hata senti ili programu yake itangulie, lakini uzito wa uamuzi ni ule ule. Nao ni upande wa simu zinazotumia Linux kamili na programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa upya. Android nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux, kwa hiyo wengi wetu tunacho kiini hicho mfukoni bila kujua. Tofauti ni kwamba katika simu zinazozungumziwa hapa, vyote vilivyo juu ya kiini hicho ni vile vile vinavyotumika katika kompyuta ya mezani. Sharti mtu aketi achague: kivinjari kipi, saa ipi, programu ipi ya kupiga simu na ipi ya barua pepe.

Kazi hiyo si mpya. Nokia ilipotoa kifaa chake cha 770 mwaka 2005, kilichotumia mfumo wa Maemo uliotokana na Debian, iliweka kivinjari cha Opera, ambacho si programu huria. Kifaa kilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 64 tu, na Opera ilijulikana kwa kuridhika na kidogo. Baadaye, katika toleo la mfumo lililotoka pamoja na N810 mwishoni mwa mwaka 2007, Nokia iliigeukia injini ya Mozilla, ambayo ni huria.

Openmoko, mradi uliotaka kutengeneza simu huria tangu chini hadi juu, ulipata somo kali zaidi. Simu yake ya Neo FreeRunner ilianza kuuzwa katikati ya mwaka 2008. Wakati huo huo mradi ulikuwa ukihama kutoka kundi moja la programu za awali kwenda jingine lililojengwa kwa zana tofauti kabisa. Mnunuzi aliyekwisha kuzoea programu moja ya ujumbe aliambiwa asubiri nyingine, huku matatizo ya sauti na ya chaji yakingoja mafundi wale wale. Mwaka 2009 mradi ulisitisha utengenezaji wa simu mpya. Haingekuwa haki kudai kwamba uhamaji huo pekee ndio ulioiua Openmoko, lakini kubadili programu za awali wakati wateja wameshalipa ni sawa na kuhamisha jiko wakati chakula kiko motoni.

Uhai mpya ulikuja na simu mbili. Ya kwanza ni Librem 5 ya kampuni ya Purism ya Marekani, iliyoanza kuchangiwa fedha na wateja mwaka 2017 na kuwafikia wa kwanza mwaka 2019. Ya pili ni PinePhone ya Pine64, iliyoanza kutoka mwaka 2020 kwa dola 149. Bei hiyo ilieleweka: toleo la kwanza lilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 2 na kichakato cha Allwinner A64, ambacho hata wakati huo hakikuwa cha kujivunia. Kioo chake kina upana wa nukta 720 na urefu wa nukta 1,440.

Namba hizo mbili, gigabaiti 2 na nukta 720, ndizo zinazoamua mengi kuliko itikadi yoyote. Chukua kivinjari, ambacho ndicho programu inayofunguliwa mara nyingi kuliko zote. Firefox ya kompyuta inafunguka katika simu hizi, ila madirisha yake ya mipangilio yanaweza kumwagika nje ya kioo, na kitufe cha kukubali kikabaki mahali ambapo kidole hakifiki. GNOME Web inajikunja vizuri kwenye kioo chembamba, na inafanana na programu nyingine za simu, lakini haina wingi wa viongezo ambao watumiaji wa Firefox wameuzoea. Nani apewe nafasi ya kwanza?

Watu wa postmarketOS, toleo la Linux lililotangazwa mwaka 2017 kwa lengo la kuzipa simu maisha ya miaka 10, walitafuta njia ya kati. Hawakuandika kivinjari kipya, kwani hiyo ni kazi isiyomalizika. Walitengeneza fungu dogo la marekebisho linaloivisha Firefox vazi la simu: menyu zinapungua upana na sehemu ya kuandikia anwani inashushwa chini, karibu na kidole gumba. Kwa maoni ya mwandishi huu ndio mfano bora wa kazi yenyewe. Firefox inatunzwa na watu wengi wanaolipwa, na mianya ya usalama inazibwa kwa haraka. Marekebisho yanatunzwa na wachache, nao wanaweza kuyamudu. Programu nzuri yenye mtunzaji mmoja aliyechoka ni ya hatari kuifanya ya awali, kwa kuwa siku akiondoka, maelfu wanabaki na mlango usio na bawabu.

Suala la kumbukumbu halionekani mpaka limkute mtu. Gigabaiti 2 zikijaa, kiini cha Linux huchagua programu ya kuua ili mfumo usiporomoke, na mara nyingi anayeuawa ni yule aliyekula zaidi, yaani kivinjari, pamoja na fomu uliyokuwa ukiijaza. Kwa sababu hiyo mchaguaji makini hatazami programu moja moja. Huzifungua pamoja zile ambazo mtu wa kawaida angezifungua pamoja, kisha akaangalia ni ipi inayokufa.

Barua pepe haikusumbua sana. Geary ilirekebishwa ikaweza kujikunja, na wengi wakaridhika.

Saa ndiyo iliyowaumbua wengi. Simu ikikaa bila kuguswa hulala ili kutunza betri. Programu ya saa ya GNOME iliandikwa kwa ajili ya kompyuta, ambayo mtu akiizima anajua ameizima, na kwa muda mrefu haikuwa na njia ya kuiamsha simu iliyolala. Kengele ya alfajiri ilitegwa vizuri, ikaonekana kwenye kioo, kisha ikalala pamoja na simu. Aliyeitegemea kwa daku alifunga bila kula. KClock, ya upande wa Plasma Mobile, ilifungamanishwa na sehemu ya mfumo inayosimamia umeme, ili iweze kuomba simu iamshwe kwa saa iliyopangwa. Anayezilinganisha kwa sura atachagua yoyote kati ya hizo mbili, na tofauti ataijua asubuhi.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, programu ya kupiga simu ina mtihani wake wa ziada. Nchini Tanzania M-Pesa ya Vodacom hufunguliwa kwa kubonyeza *150*00#, na majibu huja kama menyu ambayo mtumiaji hutakiwa kuijibu kwa namba. Programu ya simu ambayo haikuandikiwa mazungumzo ya namna hiyo itapiga namba hiyo kama simu ya kawaida na kushindwa. Calls, inayokuja na Librem 5 na matoleo mengi yanayotumia mfumo wa Phosh, iliongezewa uwezo huo. Hiyo haimalizi tatizo, kwa kuwa nchini Kenya M-Pesa ilianza mwaka 2007 kwa menyu iliyomo ndani ya laini yenyewe, na menyu ya aina hiyo ni jambo jingine kwa mtengenezaji wa programu. Fundi aliye Berlin, ambaye hajawahi kutuma fedha kwa simu, anaweza kuliweka jambo hili mwisho wa orodha yake bila nia mbaya.

Ramani zina habari njema zaidi. Pure Maps, ikisaidiwa na OSM Scout Server, inaweza kufanya kazi bila intaneti kwa data za OpenStreetMap zilizopakuliwa kabla. Jijini Dar es Salaam data hizo zina undani usio wa kawaida, kwani mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, hadi mifereji.

Bila shaka msomaji anauliza kuhusu WhatsApp. Haipo kwa simu hizi. Waydroid, iliyotolewa mwaka 2021, huendesha Android ndani ya Linux, na kupitia humo programu nyingi hufunguka, ila mzigo wake ni mkubwa kwa simu yenye gigabaiti 2. Kuiweka iwe ya awali kungemfurahisha mnunuzi siku ya kwanza na kumkasirisha wiki nzima inayofuata. Matoleo mengi yamemwachia mtumiaji aisakinishe mwenyewe, na hapo yamefanya sawa.

Hata pasipo fedha za Google, uchaguzi huu huleta ugomvi. Hapo mwanzo Pine64 iliuza PinePhone kwa zamu, kila zamu ikija na toleo la jumuiya tofauti: UBports, postmarketOS, Manjaro, KDE na Mobian, na dola 10 za kila simu zilikwenda kwa jumuiya husika. Mwaka 2021 zamu hizo zilikoma, na Manjaro yenye Plasma Mobile ikawa ndiyo inayokutwa ndani ya kila simu mpya. Wanunuzi walipata jibu moja badala ya matano, jambo ambalo kwa mtu mgeni lina nafuu yake. Lakini jumuiya nyingine ziliendelea kuandika viendeshi vilivyotumiwa na wote, pasipo nafasi ya kiwandani na pasipo mchango. Mwaka 2022 mmoja wa watengenezaji wakuu wa postmarketOS alijitenga hadharani na Pine64, na upendeleo huo kwa toleo moja ulikuwa miongoni mwa malalamiko yake. Simu aliyoisaidia iliendelea kuuzwa ikiwa na programu zilizochaguliwa na wengine.