Kabla ya kununua mashine ya barafu Kaliua, hesabu vikombe 47

WILAYA ya Kaliua, mkoani Tabora, inajulikana kwa tumbaku, asali na reli. Haijulikani kwa barafu. Hata hivyo, kiangazi kinapofika kileleni, kati ya Septemba na Novemba, bidhaa inayotafutwa na kila mtu, kuanzia mwanafunzi hadi abiria wa treni, ni kitu cha baridi.

Kwa sasa haja hiyo hutimizwa na soda, maji ya chupa, lambalamba na barafu za ukwaju zinazogandishwa nyumbani. Lakini ipo bidhaa nyingine ambayo wakazi wengi wa bara hawajaizoea: barafu iliyokwanguliwa laini kama theluji, ikawekwa kwenye kikombe na kumiminiwa shira au rojo la matunda. Wajapani huiita kakigori, na watu wa Ufilipino wana ya kwao iitwayo halo-halo.

Mashine yenye mota ya kuitengeneza ni ndogo, inakaa juu ya meza na haihitaji fundi wa kuiendesha. Ndiyo maana mjasiriamali anayetafuta mradi nje ya tumbaku anaweza kuvutiwa nayo haraka. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba mashine hiyo ni sehemu ndogo tu ya biashara yenyewe, na kwamba kuinunua kabla ya kupiga hesabu ni njia fupi ya kupoteza mtaji.

Mashine yenyewe

Kazi ya mashine ni moja: kukutanisha bonge la barafu na kisu chenye makali. Katika aina nyingine bonge huzungushwa juu ya kisu kilichotulia, na katika nyingine visu ndivyo vinavyozunguka huku bonge likisukumwa kuvielekea. Kisu kikiwa butu, kinachotoka ni chenga zinazouma meno. Kikiwa kikali, hutoka theluji inayonyonya shira badala ya kuiacha izame chini ya kikombe.

Mashine hizi si jambo geni duniani. Ernest Hansen, fundi mitambo wa mji wa New Orleans, Marekani, alibuni ya kwake yenye mota mwaka 1934 na kupata hataza mwaka 1950. Hakuridhishwa na jinsi wachuuzi wa mitaani walivyokwangua barafu kwa mkono bila usafi. Kwa maneno mengine, mashine hii ilizaliwa kwa sababu ya usafi kabla ya sababu ya kasi. Tutalirudia jambo hilo.

Umeme unaoliwa na mota ni mdogo. Mota ya wati 300 ikizunguka kwa jumla ya saa mbili kwa siku hutumia uniti 0.6 tu. Mlaji mkubwa wa Luku ni friza inayotengeneza barafu yenyewe.

Barafu hutoka wapi?

Ili kilo moja ya maji yenye nyuzi 25 ifike nyuzi sifuri, friza inapaswa kuondoa joto la kilojuli 105. Lakini maji ya nyuzi sifuri bado ni maji. Kuyageuza kuwa barafu kunahitaji kuondoa kilojuli 334 nyingine, zaidi ya mara tatu ya kazi ya kwanza. Ndiyo sababu maji hupoa mapema lakini huchukua usiku kucha kuganda.

Ukijumlisha na baridi inayopotea kila mfuniko unapofunguliwa, makadirio ya kufanyia kazi ni uniti 0.2 kwa kilo moja ya barafu. Kilo 20 kwa siku ni uniti nne. Ukiongeza mota ya mashine, unakaribia uniti tano.

Kabla ya kununua friza, soma kibandiko chake. Ujazo wa lita 200 haumaanishi kwamba itagandisha lita 200 kwa siku. Uwezo wa kugandisha huandikwa kwa kilo katika saa 24, na kwa friza nyingi za nyumbani ni sehemu ndogo tu ya ujazo huo. Anayetaka kilo 20 kila asubuhi ahakikishe kibandiko kinasema hivyo.

Umeme unapokatika, bonge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, kwa sababu sehemu inayoguswa na hewa ni ndogo ukilinganisha na uzito wake. Kwa hiyo gandisha mabonge, na kwangua pale tu mteja anapoagiza.

Deli lililozungushiwa maranda makavu kwa nje husaidia zaidi, na maranda hupatikana kwenye viwanda vya mbao. Mwaka 1833 meli ilitoka Boston, Marekani, na kusafiri miezi minne hadi Calcutta, India, ikiwa na tani 180 za barafu, na zaidi ya nusu ilifika ikiwa nzima. Kinga kubwa ya wafanyabiashara wa barafu wa zama hizo ilikuwa vumbi la mbao.

Kinachomiminwa juu

Hapa ndipo mkulima anapoingia. Miembe mikongwe ya Tabora na Ujiji ni miongoni mwa alama za njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo hadi Ziwa Tanganyika. Leo miembe imeenea vijijini, na msimu unapokolea maembe huwa mengi kuliko walaji, bei hushuka na mengine huozea chini ya mti.

Rojo la embe lililochanganywa na sukari kidogo linafaa sana juu ya barafu. Vikombe 100 kwa siku, kila kimoja kikipewa mililita 40, vinahitaji lita nne za rojo. Ukikadiria kwamba nusu ya embe ni ganda na kokwa, hizo ni takriban kilo nane za maembe.

Tatizo ni kalenda. Joto kali hutangulia, maembe hufuata mvua zinapoanza. Mjasiriamali atakayetegemea embe peke yake atakosa rojo katika wiki zake bora za mauzo. Jibu ni ukwaju, ambao huvunwa kiangazi na ukikaushwa vizuri hukaa miezi mingi. Aanze na ukwaju Septemba, kisha ahamie kwenye embe zinapoiva. Akitaka kuhifadhi rojo la embe kwa msimu unaofuata, akumbuke kwamba kila lita anayoiweka ndani ya friza inachukua nafasi ya barafu.

Na asali? Tabora ni mkoa wa asali ya miombo, na wazo la kuitumia ni zuri, lakini lina mipaka mitatu. Kwanza, asali ikigusa barafu huganda na kuwa kama gundi, hivyo lazima iongezwe maji. Pili, asali iliyoongezwa maji haikai. Huchacha, na wenyeji wanajua vizuri inakoelekea: ni njia ileile ya wanzuki. Tengeneza ya siku moja tu. Tatu ni bei. Kwa asali ya Sh 10,000 kwa kilo, gramu 10 juu ya kikombe ni Sh 100. Kikombe hicho kiuzwe kwa bei ya juu, na kisipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa asali inaweza kumletea ugonjwa hatari wa botulizimu.

Hesabu ya mfano

Bei zifuatazo ni za mfano. Msomaji aweke bei za sokoni kwake, lakini afuate mpangilio huu.

Chukua kilo 20 za barafu. Ukitoa inayoyeyuka na kumwagika, ukaweka gramu 150 kwa kikombe, unapata vikombe 100. Bei ya kikombe ni Sh 500.

Gharama za siku ambazo hazitegemei mauzo ni hizi: umeme uniti tano kwa Sh 360, yaani Sh 1,800, maji na mkaa wa kuyachemshia Sh 3,000, ushuru na eneo Sh 1,000, posho ya muuzaji Sh 10,000. Jumla ni Sh 15,800. Posho hiyo iwekwe hata kama muuzaji ni wewe mwenyewe au mtoto wako. Miradi mingi midogo huonekana ina faida kwa sababu mwenye mradi hajilipi.

Gharama zinazofuata kila kikombe ni rojo Sh 80 na kikombe cha karatasi Sh 80. Katika kila Sh 500, hubaki Sh 340.

Gawanya Sh 15,800 kwa Sh 340. Unapata vikombe 47. Chini ya hapo, siku hiyo umepata hasara hata kama mfukoni una fedha.

Ukiuza vikombe 60, kinachobaki ni Sh 4,600. Ukiuza vyote 100, ni Sh 18,200. Tuseme friza, mashine, deli na vyombo vimegharimu Sh 1,800,000. Kwa vikombe 100, mtaji hurudi baada ya siku 99 za mauzo, ambazo ni karibu msimu mzima wa joto. Kwa vikombe 60, ni siku 391. Tofauti ya vikombe 40 kwa siku ndiyo inayotenganisha mradi na mzigo.

Fedha na joto haviji pamoja

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa Kaliua anaweza asilione. Uchumi wa wilaya hii unafuata masoko ya tumbaku, ambayo kwa kawaida huanza baada ya masika na kuendelea katikati ya mwaka. Wakati huo fedha ipo, lakini asubuhi ni za baridi. Oktoba, joto linapopita nyuzi 30, kaya nyingi zimeshalipa madeni na kuanza kununua pembejeo.

Kwa hiyo kikombe kikubwa cha Sh 1,000 kinaweza kuuzika Juni mchana na kukosa mnunuzi Oktoba. Ni busara kuwa na vipimo viwili na kutotegemea mtaa mmoja. Kaliua ina bahati ya kuwa njia panda ya reli, kwani hapa ndipo tawi la kwenda Mpanda linapoachana na Reli ya Kati iendayo Kigoma. Siku za treni, minada, magulio na mechi za mpira ndizo siku za vikombe 100. Siku nyingine panga vikombe 60 au pumzisha mashine.

Barafu inayobaki isiachwe iyeyuke bure. Mama lishe, wenye maduka ya vinywaji na wachuuzi wa samaki huihitaji. Wilaya hii ina Ziwa Sagara, na samaki bila barafu hukaushwa au huoza. Lakini deli la samaki lisikutane kamwe na deli la barafu ya kula.

Usafi ndio mtaji

Watu wengi huamini kwamba baridi huua vijidudu. Si kweli. Kuganda huvilaza tu vijidudu vingi, vikisubiri tumbo la mlaji. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi ulikuwa somo chungu kwa nchi nzima. Mlipuko unapotokea, vinywaji na vyakula vya mitaani huwa vya kwanza kutiliwa shaka, na muuzaji msafi huumia pamoja na mchafu.

Maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo sahihi kabla ya kugandishwa. Bonge lishikwe kwa koleo, si kwa mkono. Kisu na chungu cha mashine vioshwe kila jioni na kukaushwa. Muuzaji apimwe afya na ofisa afya alijue eneo lake. Akitaka kufungasha rojo na kuliuza madukani, afike Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019.

Usafi pia ni hoja ya bei. Mteja anayeona maji yakichemshwa na koleo ikitumika ana sababu ya kulipa Sh 500 badala ya kununua barafu ya kifuko ya bei ndogo.

Nini kifanyike

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu. Usianze na mashine. Anza na friza, au omba nafasi kwenye friza ya mtu kwa malipo, gandisha mabonge, na ukwangue kwa kifaa cha mkono kwa wiki nne za joto. Andika kila siku vikombe vilivyouzwa na saa ambazo umeme ulikatika. Ukivuka 47 siku nyingi, na kufikia 80 siku za treni na mnada, mashine italipa. Usipovuka, umepoteza mwezi mmoja badala ya mtaji wote.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Andiko lenye daftari la mauzo ya wiki nne lina nguvu kuliko andiko lenye picha ya mashine. Ofisi za SIDO nazo zinaweza kushauri kuhusu mitambo midogo na usindikaji wa rojo.

Vyama vyenye mtaji mkubwa vinaweza kufikiria mtambo wa mabonge, ambao hugandisha maji ndani ya makopo yaliyozamishwa kwenye maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya nyuzi sifuri. Chumvi hiyo haihitaji kutoka mbali. Uvinza, iliyolisha misafara kwa chumvi tangu zamani, iko kwenye reli hiihii. Kwa mjasiriamali mdogo, kazi ya kesho ni nyepesi zaidi: daftari, kalamu na bonge la kwanza la barafu.